Nakata tiketi ya basi, tovuti inataka kujua betri ya simu yangu imebaki asilimia ngapi. Ya nini?

Wakuu, salaam.

Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa "simu zetu zinatusikiliza". Huu ni mwingine kabisa, na ninachokisema hapa mtu yeyote anaweza kukiangalia mwenyewe.

Nilitaka kukata tiketi ya Dar kwenda Mbeya mtandaoni. Tovuti sitaitaja, maana nimeshaangalia nyingine na nyingi ni ndugu moja. Tiketi ya basi inahitaji nini? Jina, namba ya simu, siku ya safari, kiti. Basi. Sasa mimi natengeneza tovuti kwa ajili ya ugali, kwa hiyo nina tabia ya kuunganisha simu na kompyuta nione ukurasa unafanya nini kwa nyuma. Nilichokiona kimenipandisha presha.

Kabla hata sijagusa kiti, ule ukurasa ulikuwa umeshamhoji Chrome wa simu yangu: kioo kina ukubwa gani, prosesa ina kori ngapi, RAM kiasi gani, fonti zipi zipo, saa zimewekwa za wapi, lugha zipi, chipu ya michoro ni ipi (ikajibu PowerVR Rogue GE8320, kwa hiyo wameshajua nimeshika simu ya bei ya chini), na betri imebaki asilimia ngapi na kama iko kwenye chaji. Halafu ukachora picha ambayo mimi siioni. Vijineno viwili vitatu na rangi, kisha kodi (maagizo ya programu ndani ya ukurasa) ikasoma vitone vya ile picha kimoja kimoja. Kila mchanganyiko wa chipu, dreva na fonti hulainisha kingo za herufi kwa namna yake, kwa hiyo picha ileile ikichorwa kwenye simu mbili tofauti vitone vinaweza kutofautiana, na tofauti hiyo inatosha. Si mbinu mpya. Watafiti wa California waliieleza mwaka 2012, na kufika 2014 wengine walishaikuta kwenye zaidi ya asilimia 5 ya tovuti 100,000 zinazotembelewa sana duniani.

Majibu yote yakafungwa yakawa namba moja ndefu, ndiyo inaitwa alama ya kivinjari (browser fingerprint), ikatumwa kwa kampuni nyingine kabisa ambayo haina basi hata moja. Hapo sijabonyeza "nakubali" popote.

Konda wa daladala anadai nauli. Hajawahi kukuuliza unavaa kiatu namba ngapi, ukoo wa mama yako ni upi, na jana ulikula nini, eti ndiyo akupe siti.

Watu wengi mnadhani mkifuta vidakuzi (cookies) mmemaliza. Kidakuzi kinakaa kwenye simu yako, unakiona, unakifuta. Hii alama ya kivinjari haikai kwako. Wanaitengeneza upya kila unapoingia, kutokana na jinsi simu yako ilivyo. Futa historia, fungua hali fiche, sehemu kubwa ya majibu itabaki vilevile, kwa sababu kioo ni kilekile na chipu ni ileile.

Na hasira yangu haiishii kwa hawa wa mabasi. Wenye vivinjari nao wana la kujibu. Kila ukurasa unaoufungua, kivinjari kinatanguliza mstari wa kujitambulisha, unaitwa User-Agent. Ni mstari wa ajabu sana: Chrome anajiita Mozilla, anadai ana AppleWebKit, anasema yuko "kama Gecko", anamalizia kwa kujiita Safari. Uongo wa kurithishana tangu enzi za Netscape, kivinjari cha miaka ya 90, kila mpya akijifanya mzee aliyemtangulia ili tovuti zisimfukuze. Zamani kwenye Android mstari huo ulitaja modeli ya simu yako, toleo la Android na toleo kamili la kivinjari. Mwenye iPhone hakutajwa modeli, iPhone zote zilisema "iPhone" tu. Sisi wa Tecno, Infinix na itel, zenye modeli kibao na majina ya herufi na namba, tulikuwa tunatangazwa kila mahali.

Chrome wakasema watapunguza. Na kweli wakapunguza: 2022 namba ndogo za toleo zikageuzwa sifuri, na kuanzia Chrome 110, mwanzoni mwa 2023, modeli ya simu ikabadilishwa kuwa herufi K na Android yoyote ikaandikwa 10. Kwa hiyo leo Tecno yangu na Samsung ya bosi wangu zote zinasema "Android 10; K". Safi. Nilipiga makofi.

Lakini mlango wa uani wakauacha wazi. Tovuti ikitaka modeli inaomba tu. Seva inatuma kichwa kimoja (mstari wa maelekezo unaotangulia ukurasa), Accept-CH, inasema nipe modeli, nipe toleo kamili la Android, na Chrome anatoa. Hakuulizi wewe mwenye simu. Au kodi ya JavaScript inaomba palepale ndani ya ukurasa, inapewa. Utetezi wao ni kwamba zamani taarifa zilimwagwa kwa kila mtu, sasa lazima mtu aombe, kwa hiyo anaonekana akiomba. Anaonekana na nani? Mimi nimeona kwa sababu nina kompyuta na kebo. Mama yangu anayekata tiketi ya kwenda msibani ataona wapi? Isitoshe, ile kampuni ya nje ambayo kodi yake imewekwa ndani ya ukurasa inafanya kazi kama vile ndiyo ukurasa wenyewe. Anayejibiwa ni yeyote aliyealikwa humo.

Na Google hawa hawa, wenye Chrome, mwaka 2019 waliandika kuwa kumfuatilia mtu kwa alama ya kivinjari ni kukwepa uamuzi wake na ni kosa. Desemba 2024 wakatangaza kwamba kuanzia tarehe 16 Februari 2025 sera zao za matangazo hazitawakataza tena watangazaji kutumia mbinu hiyo. Mamlaka ya taarifa binafsi ya Uingereza ikawaambia hadharani kuwa huo ni ukosefu wa uwajibikaji. Chrome ni yao, matangazo ni yao, na sisi wengi humu simu zetu zilikuja na Chrome ndani.

Sasa nifike kwenye kilichoniuma zaidi.

Simu yangu nimeiweka Kiswahili. Kwa makusudi. Nataka menyu za Kiswahili, nataka lugha yangu ihesabiwe. Kila ukurasa ninaofungua, kivinjari kinatanguliza lugha zangu: sw-TZ (Kiswahili cha Tanzania) kwanza, kisha sw, kisha Kiingereza. Kwenye tovuti ya Kitanzania hilo si kitu sana, ingawa hata hapa wengi simu zao ziko Kiingereza. Nikienda tovuti ya Ulaya au Marekani, humo sw-TZ tuko wangapi? Unganisha na saa za Afrika Mashariki na ile chipu ya PowerVR, umenipata, jina hulihitaji.

Kuna utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2018 ambao wanaotetea haya mambo wanapenda kuutumia. Ulichukua vivinjari zaidi ya milioni 2 vilivyoingia kwenye tovuti moja kubwa ya huko, ukakuta vyenye alama ya pekee ni asilimia 33.6 tu, na kwa simu asilimia 18.5. Ule wa EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za mtandaoni, mwaka 2010 ulikuwa umekuta asilimia 83.6 kati ya vivinjari 470,161. Haya, tuseme hali si mbaya kama ya 2010. Lakini waliopimwa mwaka 2018 walikuwa wasomaji wa tovuti ya Kifaransa, wengi wao lugha moja, saa za eneo moja. Ndani ya kundi lile Mfaransa anajificha vizuri. Mimi na sw-TZ yangu najificha nyuma ya nani?

Na dawa unayopewa ni hii: Tor Browser, kivinjari cha kuficha utambulisho wako, inakuuliza kama ungependa kuomba kurasa kwa Kiingereza ili ufanane na wengine. Firefox ukiiwasha ile hali yake kali ya kuzuia alama, nayo inauliza hivyohivyo. Nawaelewa kiufundi, na hao angalau wanajitahidi. Firefox ndio walioziba ile habari ya betri kwa tovuti tangu toleo la 52, mwaka 2017, baada ya watafiti kuonyesha kuwa inaweza kumfuatilia mtu. Tor wanabana ukubwa wa dirisha kwenye vipimo vichache vilevile ili watu wafanane. Sawa. Ila faragha yangu kulipiwa kwa lugha yangu inaniuma, na sitaacha kusema inaniuma.

Basi, nikafanya kama wanavyoshauri. Nikaenda kwenye kompyuta, Firefox, nikawasha ile hali kali, nikarudi kwenye tovuti ya mabasi. Kwanza nikapewa fumbo la picha, chagua taa za barabarani, chagua mabasi (ndiyo, mabasi), likaisha likaja lingine. Nilipopenya, basi la saa 12 asubuhi likaandikwa linaondoka saa 9 usiku. Kwa nini? Kwa sababu hali ile inaficha saa zako na kutaja saa za UTC (saa za kimataifa), nyuma yetu saa tatu, na waliotengeneza tovuti wanamuuliza kivinjari cha abiria saa ya basi linaloondoka Dar! Basi liko Dar, stendi iko Dar, saa ya kuondoka imeandikwa kwenye ratiba yao wenyewe. Mnaniuliza mimi saa za nini? Mwisho kabisa, kwenye malipo: "Kivinjari chako hakitambuliki. Tafadhali tumia Chrome."

Yaani nikikataa kuvuliwa nguo, sisafiri.

Nilipiga namba yao ya huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa mpole, sina ugomvi naye, akaniambia ni "kwa ajili ya usalama wa malipo". Wakuu, malipo gani? Kadi ya benki sikutumia. Nalipa kwa pesa ya simu: ombi linakuja kwenye laini yangu, iliyosajiliwa kwa alama zangu za vidole, naweka namba ya siri kwenye simu yangu, mtandao wa simu unathibitisha. Tovuti haigusi namba ya siri hata kidogo. Benki ikiniambia inaangalia kifaa kipya kabla ya kuruhusu muamala mkubwa, tutajadiliana, nitaielewa. Tiketi ya basi, hapana.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Msingi wake mmoja ni kwamba unakusanya kinachohitajika kwa kazi uliyoisema, si zaidi. Wenzetu Kenya sheria yao ya 2019 imetaja kabisa kitambulisho cha mtandaoni kuwa miongoni mwa vitu vinavyomtambulisha mtu. Malalamiko yangu naandika, na picha za kioo ninazo. Mwanasheria yeyote humu aliyewahi kupeleka jambo la namna hii Tume, naomba uzoefu wake.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mnaosema "kama huna cha kuficha": mkuu, mbona jina lako humu ni la kubuni?

Mnaosema nitumie VPN: VPN inabadilisha anwani tu. Chipu, kioo, fonti, betri na ile picha iliyofichwa haivigusi. Tena ukitokea Uholanzi huku simu inasema saa za Afrika Mashariki na lugha sw-TZ, ndiyo umejiwekea bendera kichwani. Anayetaka kujipima aende kwenye ukurasa wa EFF unaoitwa Cover Your Tracks, ni bure, haili bando sana.

Anayesema nihamie Opera Mini: nayo kurasa zinapitia kwenye seva zao, na hizo seva zina kichwa chao maalumu cha kuiambia tovuti simu yako ni ipi. Kuokoa bando inaokoa, hilo silibishi.

Na mkuu uliyesema wewe ni miongoni mwa wanaotengeneza hizi tovuti, kwamba "ile kodi inakuja na kifurushi cha takwimu, sisi tuliibandika tu": nimekuelewa, na nashukuru umejitokeza. Basi ibandue. Saa ya basi iandike kama ilivyo kwenye ratiba, kwa saa za hapa, bila kumuuliza mtu. Na ule mstari unaomfukuza kila asiyekuja na Chrome uufute leo, hauhitaji kikao cha bodi. Ukishafanya njoo useme hapa, nitakata tiketi ya kurudi kwako mbele ya watu wote.