Django: nafanyaje moduli za projekti ziitike kutoka folda yoyote kwenye seva?

mwanakodi_tz
Habari za saa hizi wakuu, naomba msaada. Nina projekti ya Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti) iko /srv/duka kwenye seva ya Ubuntu 24.04, ndani kuna manage.py, kuna folda duka yenye settings na app inaitwa stoo ambayo ndo ina model za bidhaa na mauzo, venv (mazingira ya Python ya projekti hii peke yake) nayo iko humo humo. Sasa kuna skripti nimeiweka /opt/kazi/taarifa.py, kila jioni inatakiwa ijumlishe mauzo ya siku imtumie mwenye duka kwa SMS. Nikifungua `manage.py shell` nikaandika `from stoo.models import Mauzo` inakubali vizuri tu. Ila skripti inasema `ModuleNotFoundError: No module named 'stoo'`, na hapo nimeiendesha nikiwa ndani ya /srv/duka kabisa!

Nikaweka `export PYTHONPATH=/srv/duka` (folda ya ziada ya Python kutafutia moduli) kwenye .bashrc, nikiendesha kwa mkono ile eror ikaondoka ikaja nyingine ndefu ya INSTALLED_APPS, `settings are not configured`, halafu usiku cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) ilipoiendesha ikarudi ile ile ya mwanzo. Nikataka niiweke Django kwenye mashine nzima kwa sudo pip, inagoma na `externally-managed-environment`. Kuna mtu kaniambia niongeze `--break-system-packages` ila jina lenyewe linatisha. Ninachotaka ni kwamba popote nitakapoweka skripti, stoo iitike.

Kibo88
Mkuu weka juu kabisa ya skripti `import sys` halafu `sys.path.append('/srv/duka')`, umemaliza.

fundi_seva
Ya Kibo itafanya kazi kwa hiyo skripti moja, ila kesho ukiwa na skripti kumi utakuwa umeandika hiyo njia mara kumi, na siku ukihamisha projekti zote zinakufa pamoja.

Mkuu hapo una mambo mawili yamechanganyika. La kwanza ni Python kuijua folda yako. Ukiendesha skripti, Python haiangalii wewe umesimama wapi, inaangalia skripti yenyewe inakaa wapi, kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye sys.path (orodha ya folda ambazo Python inatafuta moduli) ni /opt/kazi, ndo maana kuingia /srv/duka hakukusaidia. manage.py inaitika kwa sababu inakaa folda moja na stoo. Baada ya hapo inakuja PYTHONPATH, halafu maktaba za Python yenyewe, mwisho site-packages (folda ya vifurushi vilivyowekwa na pip). Cron haisomi .bashrc yako kabisa, kwa hiyo export yako haipo kule. Tena PYTHONPATH inagusa kila Python utakayoiita kwenye hiyo shell, hata programu nyingine zisizohusika na duka.

Hiyo ya break-system-packages achana nayo. Python ya /usr/bin ni ya mfumo, kuna programu za Ubuntu zinaitegemea, ukiivuruga matoleo utakuja kulia na apt. Tumia venv uliyonayo, ambayo hata kui-activate si lazima, ukiiita kwa njia kamili `/srv/duka/venv/bin/python` tayari inajua site-packages zake. Kilichobaki ni kuionyesha folda yako, mara moja tu:

`echo /srv/duka > /srv/duka/venv/lib/python3.12/site-packages/duka.pth`

Faili la .pth ni maandishi ya kawaida, kila mstari njia moja, Python inaziongeza kwenye sys.path kila inapowaka. Angalia uweke folda yenye manage.py, sio ile ya ndani yenye settings.py, watu wengi wanakwama hapo: `import settings` inakubali lakini `duka.settings` inakataa. Ukimaliza nenda hata /tmp ujaribu:

`/srv/duka/venv/bin/python -c "import stoo; print(stoo.__file__)"`

Ikikuandikia njia ya /srv/duka basi popote itaitika. Kwenye cron nako andika njia kamili:

`30 20 * * * /srv/duka/venv/bin/python /opt/kazi/taarifa.py >> /srv/duka/taarifa.log 2>&1`

La pili ni Django kujua settings zako, hiyo ndo ile eror ndefu. Kabla ya kugusa model yoyote:

```
import os, django
os.environ.setdefault('DJANGO_SETTINGS_MODULE', 'duka.settings')
django.setup()
```

nyali_dev
Naongezea kwa fundi hapo juu. .pth iko sawa ila mimi napenda `pip install -e .` kwa sababu inabaki imeandikwa kwenye pyproject.toml (faili la maelezo ya projekti), na mwenzako akichukua kodi anapata kila kitu kwa komandi moja. Ujue tu kwamba setuptools (inayokusanya kodi kuwa kifurushi) ikikuta duka na stoo zimekaa kando kando hapo juu itagoma na `Multiple top-level packages discovered in a flat-layout`. Dawa yake ni hii:

```
[tool.setuptools.packages.find]
include = ["duka*", "stoo*"]
```

Na majina jamani. Njia ya .pth inakaa mwisho kwenye sys.path, kwa hiyo ukiwa na folda inaitwa utils na kuna kifurushi kingine kimeleta utils yake site-packages, itachukuliwa ile, halafu utashangaa mbona kwa manage.py inafanya kazi na kwingine inakataa.

mwanakodi_tz
Aisee asanteni sana, .pth imekubali, kutoka /tmp inaitika kabisa. Sasa skripti bado inaleta ile ya `settings are not configured` na django.setup() nimeiweka. Nimeangalia naona editor yangu nikisevu inapandisha import zote juu, kwa hiyo ile ya stoo.models inakaa kabla ya setup.

fundi_seva
Ndo yenyewe hiyo. Model hazitakiwi kuguswa kabla setup haijaisha. Weka `from stoo.models import Mauzo` ndani ya function inayofanya kazi, editor haitaihamisha.

Ila kwa hii ya SMS mimi ningeitoa /opt/kazi kabisa. Tengeneza `stoo/management/commands/taarifa.py`, ndani class Command inayorithi BaseCommand, kazi yote iandike kwenye handle. Cron inaita `/srv/duka/venv/bin/python /srv/duka/manage.py taarifa`, settings na setup vyote manage.py inakufanyia, na import unaziweka juu kama kawaida. Ile .pth iache kwa zile skripti ambazo kweli lazima zikae nje ya projekti.

mwanakodi_tz
Sawa mkuu, naihamishia huko sasa hivi. Kwani folda za management na commands zinahitaji `__init__.py`?

fundi_seva
Ziweke zote mbili.