Uzamili wa mifumo ya taarifa hapa Tanga umegeuzwa kiwanda cha dodoso!

Wakuu, habari zenu.

Nina hasira na sifichi. Fungua tasnifu tatu nne za usimamizi wa mifumo ya taarifa: TAM ya mwaka 1989 (modeli ya watu kuikubali teknolojia), fomula ya Yamane ya kukokotoa sampuli, watumishi 120, sampuli 92, "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa", programu ya takwimu ya SPSS, Cronbach alpha (kipimo cha maswali kuwiana) imevuka 0.7, basi. Pendekezo la kwanza: watumishi wapewe mafunzo. Hamisha utafiti kutoka hospitali uende bandarini, sura ya tano haibadiliki hata mstari.

TAM inapima nia ya mtu kutumia kitu anachoweza kukiacha. Karani wa mapokezi hana hiari hiyo. Asipomwingiza mgonjwa kwenye mfumo, namba ya malipo haitoki. Ukimuuliza kama ana nia ya kuutumia, na dodoso limekuja na barua yenye muhuri wa mganga mfawidhi, unategemea ajibu nini?

Shida halisi iko kwenye takwimu. Rejista za MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma za afya vituoni, zinajazwa kwa kalamu, mwisho wa mwezi jumla zinaingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa ripoti za afya. Chukua rejista ya wagonjwa wa nje ya mwezi mmoja, hesabu mstari kwa mstari, gawanya kwa jumla iliyomo kwenye mfumo. Ukipata 1, zinalingana. Chini ya 0.9, ripoti imevimba. Juu ya 1.1, kuna wagonjwa hawakuripotiwa. Rudia kwa miezi mitatu, vituo vitatu, kuanzia mjini mpaka Pongwe.

Kwenye mfumo wa hospitali omba kumbukumbu za matumizi, majina ya wagonjwa yakiwa yameondolewa (Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si pambo). Safu tatu zinatosha: akaunti, saa ya huduma, saa ya kuingiza. Ukikuta akaunti moja imeingiza wagonjwa 200 kati ya saa mbili na saa tatu usiku, na wote walitibiwa asubuhi, anza kuuliza: mtandao ulikatika wakaandika karatasini, au nywila moja inatumiwa na zamu nzima? Mafunzo hayatibu hilo. Mapokezi panahitaji UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), swichi ya mtandao isiyo mbovu, na kila mtu akaunti yake.

Mwanafunzi akipeleka pendekezo la namna hii anarudishiwa na wino mwekundu: "Nadharia iko wapi?" Ipo! Modeli ya DeLone na McLean ya 1992, ya mafanikio ya mifumo ya taarifa, imeweka ubora wa taarifa waziwazi, na 2003 wakaongeza ubora wa huduma. Tatizo ni msimamizi asiyetaka kufungua faili la data lenye mistari elfu kumi. Ada mnapokea kamili, someni basi!

Kabla ya mapendekezo ya muhula ujao, kamati ya utafiti ikatae tasnifu ya dodoso tupu. Na barua ya kuomba kumbukumbu aiandike mkuu wa idara, itoke wiki hiyohiyo. Mwanafunzi akienda mikono mitupu, ofisi ya TEHAMA inamzungusha mpaka muhula unakwisha, naye anarudi kwenye dodoso.