Mpwa wangu na skwoshi: afuate njia ya Farag au ya ElShorbagy?

mjomba_wa_Kizingo:
Wadau salaam. Nina mpwa wangu ana miaka 16, skwoshi ameanza na miaka 8 na sasa hapa Mombasa wazee wa klabu wakimuona anafunga viatu wanakumbuka wana haraka nyumbani. Dada yangu anataka aende chuo Marekani kupitia huo mchezo, babake anasema akimaliza sekondari tu aingie PSA, yale mashindano ya skwoshi ya wachezaji wa kulipwa, akatafute pointi za kupanda viwango. Mimi ndo nimeachiwa niamue, na raketi yenyewe sijawahi kushika. Mngemwambia nini?

DotiMbili:
Chuo mkuu, wala usiumize kichwa. Ali Farag wa Misri kaenda Harvard kasoma uhandisi wa mitambo, kamaliza 2014, na bado ubingwa wa dunia kabeba mara nne, 2019, 2021, 2022 na 2023, ndo akastaafu 2025 akiwa na digrii yake kabatini. Na mkewe Nour El Tayeb walibeba US Open ya skwoshi siku moja 2017, lakini hilo halihusu hahaha

BatiLaChini:
Doti umeruka mambo. Mohamed ElShorbagy aliondoka Alexandria na miaka 15, akaenda shule ya Millfield Uingereza akanolewa na Jonah Barrington, ubingwa wa dunia wa vijana akachukua 2008 na 2009, wa wakubwa akachukua 2017 pale Manchester, fainali kamfunga mdogo wake wa damu Marwan. Tena na yeye chuo alisoma, hukohuko Bristol huku anacheza. Kwa hiyo mjomba, dada yako asidhani kwenda pro ni kutupa daftari. Halafu 2028 skwoshi inaingia Olimpiki kule Los Angeles, mtoto akikaa darasani itampita.

DotiMbili:
2028 ya huyu mtoto? Acha masihara bwana

mhasibu_mstaafu:
Mnaongea vikombe, hakuna anayeongea hela. Ubingwa wa dunia wa Chicago 2019 zawadi jumla ilikuwa dola milioni moja, nusu wanaume nusu wanawake, sawa, lakini hiyo ni meza ya wakubwa. Huku chini ambako kijana anaanzia mfuko mzima ni dola elfu chache wanagawana watu kibao, na nauli yako, hoteli yako, chakula chako. Mimi nilijaribu enzi zangu, safari ya kwanza nikatolewa raundi ya kwanza, nilichopewa hakikutosha hata nyuzi za raketi nilizokata njiani, nikarudi nikasomea uhasibu. Na huko chuo msidanganyane, Harvard na wenzake wa Ivy League, vile vyuo vinane vya kifahari vya Marekani, hawatoi skolashipu ya michezo, wanasaidia kwa kuangalia kipato cha familia, na gredi lazima ziwepo. Skwoshi inamsaidia kocha akutetee, basi.

Bi_Mwana:
Baba mhasibu shikamoo, umesema kweli. Naongeza njia ya tatu. Nicol David wa Malaysia alihama Penang akaenda kuishi Amsterdam kwa kocha wake Liz Irving, akabeba ubingwa wa dunia mara 8 na akakaa namba moja tangu 2006 mpaka 2015 bila kushuka. Yeye alifuata mahali pa mazoezi. Farag naye kabla ya Harvard alishakulia Cairo, ambako ukitoka nje tu unakutana na mtu wa kukutoa jasho. Kwa hiyo mjomba swali langu ni moja, huyo mtoto kwa wiki anafungwa mara ngapi?

mjomba_wa_Kizingo:
Hafungwi Bi Mwana. Ndo sifa yenyewe tunayojivunia 😅

Bi_Mwana:
Basi hapo ndo pana ugonjwa. Likizo hii mpelekeni Nairobi kwa wakubwa zake wakamchape kwanza, muone kama atarudi anataka tena au atasingizia goti.

BatiLaChini:
Hapo nakubali. Ule mpira wa skwoshi wenye doti mbili haudundi vizuri mpaka uupige upate moto, na mtoto ni hivyohivyo.

mjomba_wa_Kizingo:
Mrejesho. Nimemuuliza mwenyewe, kaniambia anataka njia ya Farag. Nikamwambia haya lete ripoti ya shule. Hesabu ana D. Kwa hiyo Desemba ni Nairobi akachapwe, na kuanzia Jumatatu namtafutia mwalimu wa tyushen. Babake amenuna lakini amekubali kulipia nyuzi.