Somo la lugha ya kigeni linakimbiwa kila mwaka: tuanzie wapi?

Mlezi wa Klabu
Wadau, habari za kazi. Shuleni kwetu Kifaransa ni somo la hiari. Mwaka wa kwanza wanajiandikisha wanafunzi 45, kufika mwaka wa tatu wamebaki kumi hivi. Mwalimu ni mmoja. Vipindi ni viwili vya dakika 40, vimefuatana siku ya Ijumaa. Mabango tumebandika, siku ya lugha yenye nyimbo na bendera tumefanya, hali ni ileile. Mkuu wa shule yuko tayari kusaidia ila anataka mpango ulioandikwa. Niombe nini, na darasani nibadilishe nini?

Chaki Mkononi
Mwalimu, anza na hesabu ya saa. Vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki 36 ni saa 48 kwa mwaka, tena kama hakuna kipindi kilichopotea. Kwenye ngazi za Baraza la Ulaya za kupima umahiri wa lugha (A1 ya anayeanza hadi C2 ya juu kabisa, zilizochapishwa 2001), makadirio ya kawaida ni takriban saa 100 kufika A1 na karibu 200 kufika A2. Yaani mwanafunzi wako anagusa A1 mwishoni mwa mwaka wa pili. Mlipomsajili mlimwahidi nini? Kama ni "kuongea Kifaransa" tu, mwaka wa tatu anajiona ameshindwa, kumbe yuko palepale anapotakiwa kuwa. Fomu ya usajili iseme wazi: mwisho wa mwaka wa kwanza utaweza kujitambulisha, kuuliza bei na saa, na kumwelekeza mtu njia.

La kumwomba mkuu ni ratiba. Vipindi vitengane, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huwa mkali zaidi saa na siku za mwanzo baada ya kujifunza. Tena Ijumaa moja ikiliwa na michezo, watoto wamekaa siku 14 bila kuigusa lugha. Angalia pia somo limewekwa sambamba na lipi. Likigongana na fizikia au kompyuta, wataliacha hata wanaolipenda, na sababu hiyo hutaiona kwenye fomu ya kuacha somo.

Darasani: ukiwasikiliza mmojammoja mbele ya wenzao, watu 45 kwa dakika 40, kila mmoja hapati hata dakika. Wagawe wawiliwawili. Karatasi A ina ratiba ya treni yenye saa za kuondoka lakini haina nauli. B ina nauli, haina saa. Mapengo manane kila upande, hakuna kuonyeshana, dakika 12. Zoezi hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, karatasi zote zina majibu, hivyo hakuna haja ya kuulizana. Ya pili, wanarudi kwenye lugha yao, na mara nyingi si utundu: hawana maneno ya kuendeshea zoezi lenyewe. Bandika ukutani "rudia tafadhali", "linaandikwaje?", "sijaelewa", "zamu yako" kwa Kifaransa. Kisha igiza mfano na mwanafunzi mmoja badala ya kueleza maelekezo marefu.

Msimamizi wa Mitihani
Naafiki, ila mtihani wenu ukibaki wa kujaza vitenzi kwenye mapengo, karatasi A na B zitageuka mchezo wa kupotezea muda. Mwanafunzi husoma kinachotolewa alama. Tenga alama 20 kati ya 100 kwa kuzungumza. Msiniambie 45 ni wengi: tisa kwa wiki, dakika mbili kila mmoja, ni dakika 18, na wiki tano darasa limekwisha. Waliobaki wanasoma kimya. Vigezo vinne vya alama tano: ameeleweka, msamiati, sarufi, matamshi. Usimkatize kumsahihisha, maana hapo unapima ujasiri. Kwenye matamshi usitafute sauti ya Paris. Jiulize tu kama mgeni angemwelewa.

DELF, mitihani rasmi ya Ufaransa kwa wanaojifunza Kifaransa, ambayo ina toleo la shule, inafanya hivyohivyo: stadi nne zenye alama 25 kila moja, kufaulu ni 50, na chini ya tano kwenye stadi moja umeanguka hata kama nyingine umezipasua.

Siku ya lugha nisingeifuta. Fungueni mgahawa wa kuigiza, wahudumu wawe mwaka wa tatu, wateja mwaka wa kwanza. Asiyeweza kuagiza hali.

Mlezi wa Klabu
Asanteni sana. Na vifaa je? Maabara ya lugha hatuna, intaneti inasuasua. Halafu kuna wazazi wanaosema lugha nyingine itawachanganya watoto.

Kabati la Vitabu
Simu moja, spika moja ya kubebeka, sauti zilizopakuliwa mapema: maabara ndiyo hiyo. Spika ikae katikati ya darasa, si mezani kwako. Kipande kisizidi dakika moja na nusu. Mara ya kwanza swali moja tu: nani anaongea na nani, wapi? Mara ya pili maswali manne ya undani. Maandishi uyagawe mara ya tatu. Ukiyatoa mwanzoni watasoma badala ya kusikiliza.

Vitabu: hesabu maneno 100 kwenye ukurasa wowote. Asiyoyajua mwanafunzi yakizidi matano, hicho ni cha baadaye. Na usidanganyike na hadithi za watoto wadogo wa Kifaransa. Picha ni kubwa, lakini msamiati wake ni wa mtoto ambaye tayari anaongea lugha hiyo.

Mkiandikia taasisi zinazokuza lugha, kama Alliance française kwa Kifaransa (wa Kijerumani waandikie Goethe-Institut, wa Kihispania Instituto Cervantes), msiandike "tunaomba msaada". Tajeni kitu: nafasi moja ya mafunzo ya mwalimu wakati wa likizo, au nakala 20 za vitabu vya ngazi A1.

Wazazi wasikilizishe mtoto wao. Mrekodi dakika moja mwanzoni mwa muhula, na dakika nyingine mwishoni. Kuchanganya maneno ya lugha mbili kwa muda ni kawaida kwa anayejifunza. Kinachoumiza lugha ya nyumbani ni kuacha kuisoma, kwa hiyo vipindi vipya msivimege kutoka huko.

Jambo moja halijaguswa: mwalimu ni mmoja. Karatasi, sauti na alama zote ziwekwe kabatini kwa mada, kila mada na bahasha yake. Akihamishwa leo, atakayekuja ataanzia mada ya sita, si ukurasa wa kwanza.