Nyama iliyokaa motoni masaa mengi, bado ina faida?

BintiKibokoni: Asalam aleikum wapendwa. Mamangu ameambiwa hospitali damu yake imeshuka, nami nataka nimpikie nyama ya ng'ombe ile ya moto mdogo mdogo mpaka ilainike kabisa manake meno yenyewe hana. Sasa wifi yangu ashaingia na maneno, ati nyama ikikaa jikoni masaa matatu vitamini zote zimekwenda, bora maini. Ni kweli? Na nikifika Marikiti niitishe nyama gani, maana steki nikiichemsha sana yatoka kavu kama kamba.

FundiSupu: Waaleikum salaam dadangu. Wifi ana ukweli kidogo tu. Madini ya chuma na zinki hayaharibiki kwa moto, zinazopungua ni baadhi ya vitamini B, na sehemu yake yaingia kwenye mchuzi, kwa hivyo supu isimwagwe, mama ainywe. Maini kweli yana chuma zaidi, mpe mara moja moja. Steki achana nayo! Mwambie akukatie kidari au nyama ya muundi, ile ina utando mweupe katikati, ule ndo kolajeni, ukikaa moto wa chini muda mrefu unayeyuka mpaka midomo inanata, na supu ikilala kwa friji asubuhi waikuta imeganda, mafuta yako juu unayatoa na kijiko tu.

YakheMsa: Masaa matatu na makaa bei hii?? Presha kuka jamani, hata saa haifiki.

FundiSupu: Presha sawa, kwa lishe hamna tofauti kubwa. Lakini kwa bokoboko huniambii kitu. Ile ngano na nyama zikae seredani, moto wa kupalia, mpaka nyama ipotee ndani ya ngano, kisha uipige na mwiko mkono uume, ivutike, ndo umwagie samli. Asiye na meno hicho ndo chakula chake.

MamaWawili: Na chai asinywe papo hapo na chakula, inazuia chuma hasa ile ya ngano na mboga, angoje kama saa moja hivi. Kama ana jongo pia, supu nzito na maini uliza daktari kwanza. Ndimu mkamulie, inasaidia chuma kuingia mwilini.

BintiKibokoni: Shukran, jongo hana alhamdulillahi. Ndimu naweka ikichemka?

MamaWawili: La, ushapakua. Moto unaiua vitamini C.