Msitu wa marehemu baba, Bumbuli: mkulo hauoti na kuni zinakatwa

BintiMlimani
Habari zenu wanajukwaa. Baba alifariki mwaka jana akatuachia msitu wa asili, ekari tisa hivi, juu ya kijiji chetu huku Bumbuli. Asubuhi nyingi huuoni, umefunikwa na mawingu mpaka saa nne. Kila mwenye msumeno aliyekuja na fedha mkononi, baba alimrudisha. Sasa kaka zangu wanasema tuuze mbao. Mimi sitaki. Chemchemi wanayochota watu wote wa bondeni inatoka chini ya ile miti.

Upande wa juu kuna pengo, mtu aliingia akafyeka apande iliki. Nimejaribu kurudishia mkulo, mti wa asili wa huku: nilijaza viriba mia mbili, nikatia mbegu nilizookota chini ya mti, nikamwagilia miezi minne. Haikuota hata moja. Na kina mama wanaingia kila wiki kutafuta kuni. Siwezi kuwafukuza, wengine ni shangazi zangu. Nianzie wapi?

FundiKitalu
Dada yangu, pole kwa msiba. Kazi ya kitalu nimeifanya miaka kumi na tisa jirani na msitu wa Mazumbai, na mkulo umenitesa kama ulivyokutesa wewe. Mbegu yake haikai. Ile uliyookota chini imeshakufa, au mdudu ameshaila ndani, ipasue uone. Ukitaka mbegu, chuma tunda lililokomaa mtini na uisie siku hiyohiyo, na hata hivyo usitegemee nyingi.

Njia yangu ni mizizi. Tafuta kisiki cha zamani. Kwangua gome kidogo. Likinukia karafuu maiti, ndiwo wenyewe. Parua udongo taratibu kuufuata mzizi unaotambaa juujuu, uujeruhi kidogo kwa ncha ya panga, urudishie majani makavu. Machipukizi yatatoka mzizini. Mkulo unajirudisha hivyo kuliko kwa mbegu. Penye maji panda mshihwi, huo unaota vizuri kitaluni. Mkaratusi usiusogeze karibu na chemchemi, nakuomba.

Na waambie kaka zako habari ya Mazumbai. Ule msitu nao ulikuwa mali ya watu binafsi, familia ya Waswisi. Mwaka 1968 ukakabidhiwa chuo kikuu, na leo uko chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Ni hekta 320 hivi tu. Vilima vya jirani vimegeuka mashamba, wenyewe umesimama kwa sababu mwenye mali alikataa kuukata. Wanafunzi wa misitu wanaletwa pale wajifunze. Baba yako alifanya jambo lilelile kwa ekari tisa.

Waite kaka zako mwezi wa pili, jua likiwa kali. Wasimamishe kwenye shamba la mahindi, washike udongo: vumbi. Kisha wavuke hatua kumi waingie chini ya mti mkubwa wakati ukungu unapita. Majani yanakamata yale mawingu, matone yanakusanyika kwenye ncha, yanadondoka tip, tip, na mvua haijanyesha. Shina limevaa manyoya ya kijani. Yakamue kwa kiganja, maji yatakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Hayo ndiyo yanayokwenda chemchemini. Mtu akishayaona kwa macho yake, mazungumzo ya mbao yanabadilika.

MamaKamatiYaMaji
Mwanangu, hao shangazi usiwafukuze. Sisi huku tuligawa miche ya mgrivea, kila kaya ipande mpakani mwa shamba lake. Baada ya miaka mitatu tukaanza kupogoa matawi, kuni zikapatikana mlangoni. Kabla ya hapo tulikubaliana siku moja kwa wiki, kuni kavu zilizoanguka tu, panga linabaki nyumbani. Wasimamizi walikuwa kina mama wenyewe. Pia tuliweka mizinga ya nyuki ukingoni mwa msitu, na wenye mizinga ndio wa kwanza kukimbia na matawi moto ukitoka mashambani.

Mwanasheria_Tanga
Kwa kifupi: Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua misitu ya watu binafsi, kwa hiyo msitu wa familia si kitu kigeni. Fanyeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, wote msaini. Kisha nendeni halmashauri ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina ya wote, ili mmoja asiuze peke yake.

BintiMlimani
Asanteni, Mungu awabariki. Leo nimepanda mlimani na kaka mkubwa. Hatukuhitaji hata kuparua: kwenye lile pengo la iliki, chini ya magugu yaliyonifika kiunoni, kuna kisiki na machipukizi kumi na moja. Nimekuwa nikiyakanyaga nikibeba maji ya kumwagilia viriba. Kaka amekwangua moja, akanusa, akanyamaza. Halafu akashika panga, akaanza kuyafyekea nafasi. Juu yake mbega walikuwa wanatutazama.

Shangazi wawili wamekubali Jumatano iwe siku ya kuni. Kaka wa pili bado.

FundiKitalu, machipukizi marefu yananifika gotini. Niyapunguze sasa, au nisubiri mvua za vuli?

FundiKitalu
Subiri vuli. Ukiyapunguza kwenye jua, yanayobaki yanaungua. Acha matatu yaliyo mbali na kisiki, na uyawekee vijiti watu wasiyakanyage.