Mafundi wa tovuti Arusha na Moshi, mnaua kurasa za wateja halafu mnaondoka na hela. Hadi lini?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuipunguza.

Kampuni yetu ipo Moshi, tunapandisha wageni Kilimanjaro. Tovuti yetu ya zamani haikuwa na urembo wowote, lakini ilikuwa inatulisha. Ukurasa wa njia ya Lemosho, ya kupanda kwa siku nane, ulitajwa na wageni waliowahi kupanda nasi kwenye blogu zao, na mawakala wa Ujerumani na Uholanzi waliuweka kwenye tovuti zao. Mtu yuko Hamburg, anabonyeza, anafika kwetu, anauliza bei. Wageni wetu wengi wa Juni mpaka Oktoba walikuja kwa njia hiyo.

Bosi akaamua tupate tovuti mpya. Ofisi moja ya Arusha ikachukua kazi, na hela yote ikachukua. Tukakabidhiwa tovuti yenye video ya kilele cha Kibo inayocheza ukifungua tu. Ofisi nzima ikashangilia. Kisha maulizo yakakauka. Tukasingizia msimu, mpaka wakala mmoja alipotuandikia kutuuliza kwa upole kama tumefunga kampuni, maana wateja wake kila wakibonyeza wanakuta 404, lile jibu la ukurasa haupo.

Kilichofanyika ni hiki. Fundi alibadilisha anwani za kurasa zote. Za zamani ziliishia na .html, za sasa zinaishia na mkwaju (/), na katikati ameingiza maneno yake. Kwa mgeni, Lemosho ni ileile. Kwa seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, hizo ni anwani mbili zisizojuana kabisa. Ukiomba ya zamani inakujibu 404, yaani sina kitu hicho. Hakuacha hata mstari mmoja wa kuiambia seva kwamba ukurasa umehamia kule. Mstari huo ndio 301, upo tangu wavuti ikiwa changa. Kama seva inatumia programu ya Apache, unauandika kwenye faili la .htaccess, anwani ya zamani kushoto, mpya kulia. Kama tovuti imejengwa kwa WordPress, kuna programu za kuongezea za bure zinazofanya kazi hiyo. Tovuti yetu haifiki hata kurasa mia moja. Mtu anayeijua kazi yake angemaliza kabla jua halijazama!

Tukampigia. Akasema tusiwe na wasiwasi, Google itazisahau yenyewe hizo anwani za zamani. Ndugu yangu, hicho ndicho tunachokiogopa! Zile linki za mawakala na wageni wetu ndizo zilizokuwa zinaiambia Google kwamba sisi ni watu wa kuaminika. Zikielekea kwenye ukurasa uliokufa, uzito wake haufiki kokote.

Tulipombana akafanya jambo lililoniudhi kuliko lile la kwanza. Kila anwani iliyokufa akaielekeza ukurasa wa mwanzo, zote. Sasa mtu anayetafuta bei ya Machame anajikuta anatazama video ya Kibo. Hajui kama kakosea, hajui kama bei tumezificha, anaondoka kwenda kwa mwingine. Na Google nayo haidanganyiki, maana imeshaeleza waziwazi kwamba kurasa nyingi zisizokuwepo zikimwagwa ukurasa wa mwanzo, inaweza kuzihesabu kuwa hazipo vilevile. Fundi akatuletea ripoti isiyo na 404 hata moja na kututaka tumshukuru. Huko ni kumficha mgonjwa homa yake.

Na naomba nieleweke, 404 yenyewe si dhambi. Kuna kurasa zinazostahili kufa, kwa mfano tangazo la kundi lililokwisha kupanda mwaka juzi. Kama halina mbadala, seva iseme 404, au 410 kuonyesha kwamba limeondolewa kabisa. Ila mgeni anayefika hapo apewe pa kushika: jina la kampuni, njia tunazopandisha, Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe, sehemu ya kutafuta, na namba ya WhatsApp. Na msije mkaandika "ukurasa haupo" huku seva inatuma 200, kwa sababu 200 maana yake kila kitu kiko sawa. Sisi tuliwekewa ukurasa mweupe, Kiingereza kitupu, hata nembo yetu haipo.

Kingine, tovuti ya zamani ameifuta bila kutunza nakala. Maelezo ya kila kambi aliyoyaandika mwongozaji wetu mkongwe, tunayaokota Wayback Machine, ghala la mtandaoni la kurasa za zamani, ukurasa kwa ukurasa. Baadhi ya picha hazikuhifadhiwa hata kule.

Anayeumia si bosi peke yake. Mgeni mmoja wa Lemosho ana mwongozaji, ana mpishi, ana wagumu kadhaa wa kubeba mizigo. Asipokuja, hao wanabaki vijiweni Pasua na Majengo wakisubiri simu isiyopigwa.

Wenye kampuni, msilipe hela yote kabla hamjapewa orodha ya anwani zote za zamani na kila moja inakoelekea. Orodha hiyo inapatikana kwenye ramani (sitemap) ya tovuti ya zamani, kumbukumbu za seva na Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti. Hiyo Search Console isajiliwe kwa barua pepe ya kampuni, si ya fundi! Google wanashauri 301 ziachwe angalau mwaka mmoja. Mimi nasema ziacheni siku zote, kwa sababu vipeperushi vyenye QR za anwani za zamani tulivyogawa kwenye maonyesho bado viko mikononi mwa watu.

NYONGEZA: Mdau anayesema tuhamie Instagram tu, wakala wa nje anataka ukurasa wa kumtumia mteja wake, wenye ratiba na bei, ambao mwakani atautumia tena. Na wanaotaka jina la ofisi hiyo, sitalitaja, bado tunadaiana nao.

Ninachoomba kwenu ni fundi wa Moshi au Arusha aliyewahi kuhamisha tovuti bila kuua anwani. Aweke hapa tovuti aliyoihamisha pamoja na anwani zake za zamani. Tutazibonyeza zote kwanza, ndipo tumpigie.